Naomba ushauri: i5 ya zamani au Pentium ya juzijuzi?

Habari za mchana wakuu, naombeni mawazo. Nina steshenari ndogo Ngamiani hapa Tanga, kazi ni kuchapa, kuprinti na pasipoti saizi za Photoshop, sasa natafuta desktop ya mtumba na muuzaji anazo mbili bei ileile, moja ina prosesa ya Core i5-3470 ya 2012, kori nne, RAM DDR3, nyingine Pentium Gold G5400 ya 2018, kori mbili tredi nne, DDR4. Zote 8GB. Tumeziwasha palepale nikafungua picha ileile, Pentium ikawahi, ila yenyewe ina SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na i5 ina hard disk inayokwaruza kama panya darini, kwa hiyo sijui kilichoshinda ni prosesa au diski. Halafu i5 imeandikwa wati 77 mwenzake 58 (luku nalipa mwenyewe), na haimo kwenye orodha ya Windows 11. Jirani kakomaa tu "i5 ni i5", mi hoja hiyo hainiingii.

Nikiifunga SSD hiyo i5, itaipita Pentium kwenye Photoshop? Na bodi ya Pentium baadaye itakubali prosesa ya i3-8100 au nicheki nini kwanza kabla sijalipa?