Bomu la 1942, bima ya 2021: nani alipe?

Mchokozi: Exeter, Uingereza, Februari 2021. Wajenzi wanachimba jirani na chuo kikuu, wanakuta bomu la Wajerumani la vita vya pili. Halihamishiki, wataalamu wanalilipua palepale, mabweni yanaharibika. Chuo kinadai fidia, kampuni yake ya bima, Allianz, wanagoma: hati ya bima hailipi hasara iliyosababishwa na vita. 2023 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi Allianz. Vita viliisha 1945! Huu si uonevu?

Bi Madai: Uonevu gani? Wasomi na shahada zao hawakusoma ukurasa wa yasiyolipwa. Muda wa bima unapima hasara, haupimi chanzo. Nyufa ni za 2021, kwa hiyo dai liliingia vizuri tu. Lililolitoa ni neno "iliyosababishwa", ambalo halina tarehe.

Kichwa Ngumu: "Shahada zao" ndiyo hoja? Maneno wanaandika kampuni, mteja anaonyeshwa pa kusaini. Dharau tu.

Bi Madai: Chuo kizima kina dalali wa bima, ndugu. Siyo bima ya bodaboda hiyo.

Kichwa Ngumu: Mwenye bodaboda naye kakukosea nini?

Mzee wa Hati: Bodaboda iacheni. Mahakama ilitazama vyanzo viwili, kudondoshwa 1942 na kulipuliwa 2021, ikaona nguvu zake zinakaribiana. Kimoja kikiwa kimetengwa na hati, yaani hati imesema haikilipi, kilichotengwa kinashinda. Ni kanuni ya kesi ya Uingereza iitwayo Wayne Tank, ya miaka ya 1970: bomba la plastiki lisilohimili joto la kuyeyushia nta, thamostati mbovu, na mtambo ukawashwa usiku bila mtu kuusimamia. Bomba likalegea, kiwanda kikaungua. Bidhaa mbovu ilikuwa imetengwa kwenye hati, basi hakuna malipo, hata kama uzembe wa kuwasha ulikuwa na kava.

Mchokozi: Lakini waliolipua si adui, ni wataalamu wa Uingereza wenyewe! Bomu la tani mbili, wangefanyaje?

Mzee wa Hati: Kilo 1,000, mkuu, usiliongezee uzito. Walilizungushia mchanga tani 400 kupunguza mshindo. Walilipua kwa sababu bomu lipo.

Kichwa Ngumu: Basi mshale wa enzi za Warumi ukinichoma bustanini nao ni vita?

Bi Madai: Mshale haulipuki. Baruti ya 1942 ilikuwa bado na nguvu yote, ndiyo iliyobomoa. Miaka 79 haikuongeza wala kupunguza kitu. Tazama meli ya Ikaria: ikapigwa torpedo na adui 1915, ikavutwa hadi bandari ya Le Havre, dhoruba ikaigongesha gatini, ikahamishwa, ikawa inagota chini kila maji yakipwa, ikazama. Mahakama ikasema chanzo ni torpedo.

Kichwa Ngumu: Ikaria siku chache. Hapa babu kazaliwa, kaoa, kazikwa.

Mzee wa Hati: Ndiyo maana dawa ni maneno, siyo kulia. Kabla ya kuhuisha bima, mwambie dalali aombe kiambatisho: utengaji uhusu "vita vinavyotokea ndani ya muda wa bima" tu. Kiwe kwa maandishi, chenye namba ya hati, kisainiwe kabla ya tarehe ya kuanza. Ahadi ya simu usiitegemee. Ukijenga penye mabomu ya zamani, pima ardhi kwanza.

Kichwa Ngumu: Na mwenye bodaboda bado hajaombwa radhi.