Kanaeva alistaafu na miaka 22: mtoto wa miaka sita aanzishwe jimnastiki?

Mama Shangani: Wana Mtwara, naombeni mawazo. Binti yangu ana miaka sita, viungo laini mno. Mwalimu mmoja anataka kumfundisha jimnastiki ya utepe kila jioni. Nimesoma habari za Yevgenia Kanaeva, bingwa wa mchezo huo, Mrusi wa Omsk. Naye alianza na miaka sita, mwishoni mwa 2012 akastaafu, ana miaka 22 tu. Je, ni haki kumtia mtoto kwenye kazi inayoisha mapema hivyo?

Mkorosho: Si ndiye aliyeshinda Athens? Halafu msitutishe na hizo tepe. Hiyo ni sindimba isiyo na ngoma. Mabinti wa Newala wakipewa utepe, hao Warusi wanarudi kwao siku hiyo hiyo.

Fundi Chikongola: Athens 2004 ni Alina Kabaeva, usichanganye. Kanaeva ni Beijing 2008 na London 2012, wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mchezaji mmoja mmoja mara mbili katika mchezo huo. Mashindano ya dunia ya 2009, kule Japani, alibeba dhahabu zote sita. Alibakiza nini?

Bibi wa Newala: Mkorosho mwanangu, umenichoma. Sindimba isiyo na ngoma ni kitu gani? Sindimba NDIYO ngoma! Kiuno kinafuata mkono wa mpigaji, na mpigaji anakutazama kiuno. Wewe unaiweka na kitambaa cha mita sita? Na sindimbani hakuna anayeambiwa kazeeka na miaka 22. Mimi nina 63, harusi ya mwezi uliopita nimecheza mpaka alfajiri.

Mkorosho: Shikamoo bibi. Nilikuwa nasifia, sikudharau.

Kijana wa Lindi: Kwani nani kasema sindimba ni ya Newala peke yake? Kila kizuri cha Kusini mnakihamishia kwenu.

Bibi wa Newala: Ni ya Wamakonde, mjukuu wangu. Kamuulize bibi yako.

Mkimbiaji wa Zamani: Mnagombania ngoma, dada kauliza habari ya mtoto. Mimi shuleni nilikuwa nakimbia mita 200, nikavunjika kifundo kwenye mazoezi. Waliokuwa wakinipigia makofi, hata mmoja hakuja kunijulia hali. Kanaeva alitoka na medali. Je, wale waliotoka mikono mitupu? Dada, muulize mwalimu: mtoto akiumia, nani anamtibu?

Fundi Chikongola: Pole kwa yaliyokukuta, ila usimfungie mtoto ndani kwa uchungu wako.

Mkimbiaji wa Zamani: Wapi nimesema afungiwe? Soma tena. Usinilishe maneno.

Mama Shangani: Msigombane, jamani. Jana amechana pindo la kanga yangu, akalifunga kwenye ufito wa ufagio, akawa analizungusha barazani. Likajifunga fundo mara tatu. Mara zote tatu akakaa chini, akalifungua mwenyewe kwa meno, akaendelea. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Jumatatu nitaongea na mwalimu: siku mbili kwa wiki, si kila jioni, nami nikiwa nimekaa pembeni. Na hilo la matibabu nitamuuliza kwanza.

Kijana wa Lindi: Bibi, nimemuuliza bibi yangu. Anasema na yeye kaicheza, hapa hapa Lindi.