Kingo za mto zinamegeka: tufuatilie kwa droni, setilaiti au vigingi?

Mkulima wa Bondeni (Mtama, Lindi)
Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu kinalima kandokando ya Mto Lukuledi. Kila msimu wa mvua mto unamega ukingo, na safari hii mkwaju uliokuwa ndani kabisa ya shamba la mama yangu mdogo umeangukia majini. Tunataka ushahidi wa picha tuupeleke kwenye jumuiya ya watumia maji, mwaka hadi mwaka. Wapo wanaotuambia tukodi droni, wengine wanasema picha za setilaiti ni za bure. Nani amejaribu?

Mpima Kusini (Mtwara)
Ndugu, kwanza tuambie ukingo unarudi nyuma kiasi gani kwa mwaka. Jibu lote linakaa hapo. Setilaiti za Sentinel-2 zinapita kila baada ya siku 5 na picha zake ni bure, ila pikseli yake, yaani kijidoa kimoja cha picha, ina upana wa mita 10. Ukingo ukimegeka mita 2, picha haitakuonyesha kitu. Setilaiti za Landsat zina pikseli ya mita 30, lakini kumbukumbu zake za ubora huo zinaanzia miaka ya 1980. Kwa Mto Ruvuma, wenye visiwa vya mchanga vinavyohamahama, inafaa sana. Kwa Lukuledi hapo Mtama, hapana. Na wakati wa mvua, mto unapofanya kazi yake, juu kote ni mawingu.

Mama Mikoko (Lindi mjini)
Mimi hutumia picha za zamani za Google Earth, zinaonyesha hadi mti mmoja mmoja. Ila mjihadhari. Niliwahi kuona ukingo umehama mita 6 nikashtuka sana. Kuangalia vizuri, paa la msikiti ulio ng'ambo nalo limehama vilevile, upande uleule! Ni picha iliyosogea, mto ulikuwa palepale. Siku hizi naanza na paa au kona ya barabara, ndipo nautazama mto.

Kijana wa Masasi
Kwa mita 2, droni. Ukirusha kwenye urefu wa mita 100 hivi, pikseli inakuwa sentimita chache tu. Kila picha ipandane na ya jirani asilimia 70 hadi 80, kisha programu ya WebODM, ambayo ni ya bure, inakutengenezea ramani pamoja na miinuko. Ukirusha mara mbili ukatoa miinuko ya pili kwenye ya kwanza, unapata mita za ujazo za udongo uliokwenda na maji.

Lakini bila alama za ardhini, za kuzilinganisha picha za safari mbili, usijisumbue. Sisi tulipaka rangi vifuniko vya ndoo, tukavipima kwa GPS ya upimaji, si ya simu. Rusha Septemba au Oktoba maji yakiwa chini na majani yamepukutika, kisha urudie mvua zikiisha. Penye matete mazito kamera inaona matete, haioni udongo. Ukingo uliochimbika chini kama pango nao hauonekani kutoka juu, inabidi kuinamisha kamera. Na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kitangulie.

Mzee wa Nyangao
Wanangu, droni ikikodiwa mara moja halafu hela ikaisha, mtalinganisha na nini? Simikeni nguzo za mti mgumu hatua ishirini kutoka ukingoni, kila Juni pimeni kwa futi kamba hadi ukingo ulipo. Msitumie nondo, zitang'olewa zikauzwe chuma chakavu.

Mpima Kusini (Mtwara)
Shikamoo mzee, naafiki. Nguzo hizohizo zipakwe rangi juu, ziwe alama za droni. Jambo moja zaidi, Mkulima: Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Picha itakayoonyesha mto ulivyomega itaonyesha na bustani zenu.

Mkulima wa Bondeni (Mtama, Lindi)
Marahaba ya mzee naiacha kwake, mimi nashukuru wote. Hilo la mita 60 limenigusa, maana bustani tatu zetu zipo ukingoni kabisa, na matete tuliyakata wenyewe ili kuzipata. Nimeongea na wenzangu jioni hii. Tutasimika nguzo kumi na mbili, sita penye matete na sita tulipoyakata, kabla ya mvua. Droni tutachangishana ya Oktoba na ya Juni. Kijana wa Masasi, naomba uje utuonyeshe pa kuweka hivyo vifuniko.