Mdogo wangu alibakwa, ndugu wanataka yaishe kimya kimya. Nimsaidieje?

dada_wa_mbagala: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 22, miezi mitano iliyopita alibakwa na mtu wa mtaani kwetu tunayemjua kabisa. Siku ileile tulikimbizana tukapata PF3 (ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali), hospitali wakampa dawa za kuzuia ukimwi kabla ya saa 72 kuisha, akameza siku 28 zote na vipimo viko safi. Ila yeye mwenyewe bado, usiku halali, geti likigongwa anajifungia chooni, saluni kaacha. Bi mkubwa anasema tuyamalize kifamilia asije kukosa mume, shangazi naye anataka akatoe ushuhuda kanisani. Mi nampigia stori achangamke ananiangalia tu. Nimechoka jamani

nesi_wa_zamu: Pole sana. Nendeni hospitali ya Amana kuna kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi wa dawati la jinsia na ustawi wa jamii wote wako hapo, hatasimulia upya kila mlango. Na huko kustuka si mapepo, ni kidonda cha akili, kina matibabu yake.

mzee_kijiwe: Samahani, kwani ilikuwa saa ngapi na yeye alikuwa anatokea wapi?

mkeka_wa_ukili: @mzee_kijiwe saa inakuhusu nini?? Mimi yalinikuta 2014, mama mdogo akaniuliza swali hilohilo sijalisahau mpaka leo. Aliyenivusha ni jirani muuza vitumbua, hakuwahi kunihoji, ananiita tu alfajiri nimshikie bakuli la unga, tunakaa zetu kimya. Mwezi wa tatu hivi nikajikuta namwambia yote, akasema nakuamini mwanangu, basi, tukalia wote na vitumbua vikaungua. Kwahiyo dada acha kumchangamsha, kaa naye tu. Na ushuhuda HAPANA, aseme siku akitaka na kwa mtu anayemtaka yeye.

bush_lawyer: Kubaka ni jinai, hakuna cha kuyamaliza kifamilia, kifungo kinaanzia miaka 30. Na msitishwe eti ushahidi umepotea, maneno ya mdogo wako mwenyewe mahakama ikiyaamini yanatosha.

dada_wa_mbagala: Asanteni wote, @mkeka pole na wewe mama. Jana sikumsemesha, nimekaa uani nachambua mchicha akaja akavuta kigoda. Hajasema neno ila kachambua fungu zima. J3 tunaenda Amana, kasema niingie naye. Shangazi nimemwambia, kanuna.