Kupima kaboni ya tofali za saruji, naanzia wapi?

Wakuu nina kiwanda kidogo cha tofali Moro, mteja anataka kujua kila tofali inatoa kaboni kiasi gani, nimepiga hesabu ya umeme na dizeli ya gari ila naona kama kuna kitu nimeruka, msaada

Jibu: Umeruka saruji yenyewe mkuu! Tani 1 ya klinka (mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kupata saruji) inatoa kama kilo 800 hadi 900 za kaboni dioksidi na zaidi ya nusu inatoka kwenye mawe ya chokaa yakichomwa, sio kwenye mafuta. Utaratibu wa kupima upo kwenye ISO 14067, kiwango cha kimataifa cha kupima kaboni ya bidhaa

Jibu: Tafuta saruji yenye pozolana (kama majivu ya volkano), klinka inapungua. Ila inakaza taratibu, mwagilia siku za kutosha, mie niliharakisha tofali zikavunjika

Jibu: Ahsanteni sana wakuu, kesho nahesabu mifuko