Akili mnemba (AI) inaamua mambo yetu, sisi wananchi tunaingilia wapi?

Zabibu_Hombolo:
Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa wanaojua. Mama mkubwa anauza nyanya Soko la Majengo, juzi kaomba mkopo wa simu elfu 80 aongezee mtaji, hata dakika mbili hazijaisha meseji imerudi ombi halijakubaliwa. Hadaiwi popote. Kapiga huduma kwa wateja wakamwambia "mfumo ndo umeamua". Nimemkuta amekaa pembeni ya tenga, wateja wanapita, yeye anaisoma ile meseji tena na tena, imeniuma sana. Sasa Bunge liko hapahapa Dodoma lakini sera za hizi akili mnemba tunazisikia zikishapita. Mtu wa kawaida anaanzia wapi?

Dada_AreaC:
Pole kwa mama. Asikae kimya, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kifungu cha 36 kinahusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Aandike barua adai uamuzi uangaliwe upya na binadamu, wakimzungusha apeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na nakala atunze! Watunga sera wanahitaji kesi kama hizi mkononi, bila hivyo wataandika kwa kusikiliza wauzaji wa mifumo tu.

mkulima_Kibaigwa:
Mi naongelea Bunge. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unaenda kwenye kamati na kamati huwa inaita wadau watoe maoni, hapo ndo mlango wenyewe, ukisubiri mpaka ujadiliwe bungeni umechelewa. Ila nendeni mmejipanga. Kikundi chetu tuliwahi kupeleka maoni ya muswada mmoja, kurasa sita za manung'uniko, tukaulizwa "mnataka kifungu kipi kibadilike na kisomekeje?" tukabaki tunaangaliana. Kwa hiyo msiandike "tunaomba haki itendeke", andikeni mfano "anayekataliwa na mfumo apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili, ndani ya siku 7". Sentensi moja ya hivyo ina nguvu kuliko kurasa zote zile.

Nkuhungu_Mashariki:
Hapo kwenye Kiswahili pakazieni, toka 2021 ndo lugha ya sheria zetu. Na bibi zetu vijijini wanaongea Kigogo, mashine ikiletwa zahanati haimwelewi bibi itamsaidiaje?? Pia msidharau mkutano wa mtaa, Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki maamuzi yanayomhusu. Mfumo ukiletwa shule au zahanati ya kata ulizeni pale pale taarifa zetu zinakaa wapi na ikikosea anajibu nani, halafu hakikisheni mtendaji anaandika swali kwenye muhtasari, lisipoandikwa ni kama halikuulizwa.

Zabibu_Hombolo:
Asanteni sana. Kesho alfajiri kabla hajaenda sokoni tunakaa naye tuandike hiyo barua. @mkulima_Kibaigwa ile sentensi ya siku 7 naichukua kama ilivyo, na wenzake watatu pale sokoni nao wamekataliwa hivyohivyo, tukiandika kwa pamoja inafaa au kila mtu na barua yake?

Dada_AreaC:
Kila mtu na yake, halafu mzipeleke siku moja.