Amla: unga, juisi, vidonge au tunda lenyewe?

Mwanagenzi:
Wadau, nataka kuanza kutumia amla, lile tunda chachu la Kihindi, ila nimekwama kwenye kuchagua. Kuna unga, juisi ya chupa, vidonge, na ile iliyopikwa kwenye shira. Nina kisukari aina ya pili, nameza metformini, ila shida yangu hasa ni lehemu (kolesteroli). Kipimo cha mwisho hakikunifurahisha. Nichukue ipi?

Jani Bichi:
Tunda bichi halina mpinzani, ukilipata. Lina vitamini C nyingi mno, na mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 tu kwa siku. Ila jiandae: ni kali, na ukakasi wake unakaza ulimi mpaka macho yanajifumba yenyewe. Ukishalimaliza, kunywa maji, utayaona matamu.

Kijiko Kimoja:
Mimi ni wa unga. Tunda lina msimu wake, unga unakaa. Kulikausha kunapunguza vitamini C, sikatai, lakini kwa lehemu wanaotajwa zaidi ni tanini na polifenoli, kemikali za asili za mmea, na hizo hubaki. Kuna utafiti ulichapishwa 2011: gramu 1 hadi 3 za unga kwa siku, kwa siku 21, wenye kisukari na wasio nacho. Sukari na lehemu vilishuka. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo tusipige vigelegele bado.

Dispensa:
Mwanagenzi, hiyo metformini umeitaja kama kitu cha kupita, na mimi ningeanzia hapo hapo. Amla inaweza kushusha sukari, na dawa yako nayo inashusha. Metformini peke yake ni nadra kuishusha kupita kiasi, lakini anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, awe macho: kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio. Pima mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, na usipunguze dawa kwa uamuzi wako.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Mwenye miadi ya upasuaji aache wiki 2 kabla. Waliowahi kupata mawe ya figo wasizidishe, maana vitamini C ya ziada hugeuka oksaleti, ambayo huweza kujenga mawe hayo. Wajawazito, kuitumia amla kama dawa bado hakujafanyiwa utafiti wa kutosha, bora msubiri.

Na ile ya kwenye shira, ndugu yangu, hiyo ni peremende.

Mrija:
Mtetezi wa juisi nipo. Nilianza kuinywa tumbo likiwa tupu kama wanavyoshauri, kiungulia kikanitesa wiki nzima. Sasa naichanganya na maji, nakunywa baada ya kula, tena kwa mrija ili asidi isiguse meno sana. Someni lebo, nyingine zimeongezwa sukari.

Kijiko Kimoja:
@Mrija umeitetea au umeishtaki? 😂

Jani Bichi:
Vidonge je? Mbona hakuna anayevisemea?

Dispensa:
Vinafaa kwa asiyestahimili ukakasi. Tatizo ni kujua kilichomo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, zilizouzwa mtandaoni. Karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Si amla pekee zilizopimwa, lakini hata unga unahusika. Nunua iliyopimwa na maabara huru, yenye kiungo kimoja tu, amla. Zile mchanganyiko wa mitishamba kumi, ini likilalamika hutajua umlaumu nani.

Nywele Ndefu:
Samahani kuingilia, mafuta ya amla yanaotesha nywele?

Kijiko Kimoja:
Yanalainisha. Kuotesha, ushahidi ni hafifu. Jaribu kwanza tone moja mkononi, kuna wanaowashwa.

Mwanagenzi:
Nimewapata. Unga, nusu kijiko cha chai baada ya chakula, kisha kipimo cha lehemu baada ya miezi 3. Keshokutwa nina kliniki, nabeba pakiti nimwonyeshe daktari kabla sijaifungua. Sasa hii chupa ya juisi niliyokwisha kununua, Mrija unaitaka?